Naomba ushauri: chumba na ukumbi nyumba ya mawe, nina elfu 80, sikukuu hiyo inakuja

mama_watatu
Asalaam alaykum wapendwa, poleni na saumu. Mwenzenu nimekwama, naomba mnishike mkono. Tunakaa chumba na ukumbi nyumba ya mawe huku Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, chini kabisa, watoto watatu, na mama mkwe anakuja kutoka Wete, Pemba, kula sikukuu na sisi, mara yake ya kwanza kulala kwangu tangu niolewe. Nataka akute nyumba ya watu. Sasa hivi ukifungua mlango unakutana na mabegi, ndoo, madaftari ya skuli yako juu ya kochi, vyombo vya akiba viko chini ya kitanda vimekula vumbi, na ukuta wa upande wa kitanda unamwaga unga mweupe kila siku, asubuhi nakung'uta shuka kwanza ndo natandika. Mwenye nyumba hataki misumari wala kutoboa. Nina elfu 80, ndo hiyo hiyo ya rangi, mapazia na mapambo, nguo za watoto alhamdulillah tushanunua. Nilitaka nichukue rangi ya mafuta nipige ukuta ung'ae, halafu nitafute zile taa za kumetameta. Tupo kumi la mwanzo, nina kama wiki tatu. Nianzie wapi?

bi_wa_jangombe
Waalaykum salaam mwanangu. Usinunue chochote wiki hii. Usitoe nyumba yote uani kwa siku moja, umefunga utachoka ulie. Baada ya tarawehe chukua pembe moja tu, leo chini ya kitanda, kesho nyuma ya mlango. Kila kitu kishike mkononi ujiulize mara ya mwisho umekitumia lini. Mimi nilitoa sufuria saba zisizo mifuniko, na nguo za mtoto ambaye sasa yuko darasa la sita! Vyenye hali nzuri gawa sasa hivi ndani ya mwezi huu mtukufu, kuna watu wanavihitaji kwa ajili ya sikukuu hiyo hiyo. Ukimaliza kutoa ndo utajua nafasi unayo kiasi gani, kabla ya hapo utanunua makabati ya kuhifadhia takataka.

kijana_wa_mwembeladu
Dada nenda maduka ya jumla kaombe maboksi ya tambi na maziwa, bure kabisa, unayavisha kitambaa yanakuwa droo za nguo chini ya kitanda. Nimeyafanya kwangu ghorofani Michenzani yako poa.

fundi_chokaa
Huko ghorofani sawa, kwa huyu dada chini Mkunazini na masika ndo yanaingia usimshauri boksi la karatasi, litanyonya unyevu hadi liote ukungu na mende wahamie humo. Bora ndoo za rangi tupu zenye mifuniko, kwenye majengo watu wanazitupa au wanakuuzia kwa bei ya chai.

Sasa dada, rangi ya mafuta iweke chini kabisa, nakuomba. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe na chokaa, unakunywa maji kutoka ardhini halafu unayatoa kwa hewa, ule unga unaokung'uta ni chumvi na chokaa iliyooza. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta maji hayana pa kutokea, sikukuu mosi utang'aa, miezi miwili mbele ukuta unafanya malengelenge na ukibandua unatoka na plasta yake. Saruji nayo hivyo hivyo, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeharibiwa na watu waliotaka kuzitengeneza. Fanya hivi: muarifu mwenye nyumba, kwangua ule unga kwa brashi ngumu, kausha siku mbili tatu madirisha wazi, halafu piga chokaa. Nunua iliyokwisha zimwa, usichukue mbichi, ile inachemka ukiitia maji na una watoto. Loweka usiku, tia chumvi konzi moja kwa ndoo, chuja, iwe nyepesi kama maziwa. Rowesha ukuta kwanza ndo upige, mkono mwepesi, mara tatu, kila mara unapisha siku moja. Ikiwa mbichi utaiona kama haijashika ukadhani umeibiwa, subiri ikauke ndo inatoa weupe. Vaa glavu na uangalie macho, inababua. Na kama pana doa limelowa kila siku hata kiangazi, hilo ni bomba, chokaa haitosaidia, mwite mwenye nyumba.

Kabati usiligandishe na ukuta, acha vidole vinne hewa ipite.

bint_wete
Mashallah fundi umemaliza. Miye naongeza, shoga, juu si una boriti? Basi misumari ya nini! Tunga susu kama za bibi zetu. Kamba ya usumba vipande vinne, chini unazikutanisha kwa fundo moja, juu unazipitisha kwenye boriti, katikati unakalisha kikapu au ungo. Vitunguu, mkate, vikombe, vyote vinapanda juu, panya hafiki na sakafu inabaki yako. Nyumba hizo vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu upana umefuata urefu wa boriti, kwa hiyo makochi yapange ukuta mmoja tu, ukiweka pande mbili watu watapita kiubavu.

Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unazo? Usizijaze chaja na dawa za mafua. Kidaka kimoja misahafu, kimoja chetezo na udi, kimoja vikombe vizuri. Ila chetezo kiwe mbali na pazia jamani.

mama_watatu
Zidaka ninazo nne wallahi, zote zimejaa risiti na betri 😭 Na mapazia je?

bi_wa_jangombe
Kanga. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja, dirisha moja limekwisha. Tafuta mbili za rangi moja mjini Darajani, au fungua sanduku lako, najua unazo ambazo hujazifunga. Usizikate, kunja pindo la juu, shona njia ya kupitisha kamba, na jina, ule msemo wa kanga, libaki chini lisomeke limenyooka, ukiligeuza litaharibu pazia zima. Zilizopauka shonea foronya za mito ya sakafuni.

Taa za kumetameta mimi sizipendi kwenye chumba kinachovuja unyevu, na ile ekstensheni ya sakafuni inayopitiwa na watoto. Hela hiyo tia kwenye mkeka. Mwambie mkwe wako akuchukulie Pemba, atafurahi kuombwa, na akifika atakaa juu ya kitu alichokileta mwenyewe. Usiku wa kuamkia sikukuu asumini sahani moja yenye maji kidogo, na karafuu uzifunge kwenye kitambaa uziweke kwenye nguo.

mama_watatu
Narudi na habari, wiki ya pili hii. Chini ya kitanda pamesafika, nimetoa viroba viwili. Mume wangu kafunga susu mbili, moja imekaa upande kidogo ila inashika. Mkwe nimempigia simu kuhusu mkeka, kaniuliza upana wa ukumbi mpaka kwa shubiri, kashamuagiza mshonaji. Zimebaki elfu 31. Fundi nijibu, chokaa nimepiga mara mbili, lakini karibu na kitanda nikipitisha mkono bado natoka na unga.

fundi_chokaa
Umepiga nzito, au ukuta ulikuwa mkavu ukainywa haraka. Usiongeze juu yake. Pangusa kwa brashi laini, nyunyiza maji mpaka ukuta uwe baridi ukiugusa, halafu chukua ile ile uizidishe maji kidogo upige asubuhi na mapema. Godoro lisogeze mpaka kesho kutwa.