MREJESHO: Zile soketi zenye herufi W

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kuhusu soketi kuukuu zilizogongwa "1/4 W" na "3/8 W" zisizokaa kwenye nati za milimita wala za inchi za kawaida, pamoja na racheti (mpini wa kuzungushia soketi) yenye maandishi yaliyofutika.

Aliyesema ni Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza wa vipimo vya bolti na nati, alipatia. Namba inataja kipenyo cha bolti, si upana wa nati. Kwenye 1/4 W kalipa (kifaa cha kupimia upana) inasoma kama mm 13.3, na 3/8 W inasoma mm 18 hivi. Ndiyo maana soketi ya 13 haiingii kwenye nati hiyo, na ya 14 inacheza hadi inakula kona. Soketi ya 1/4 W hiyohiyo ndiyo ya 5/16 BSF (mfumo mwingine wa Uingereza, wa bolti zenye nyuzi za karibukaribu), kwa hiyo ukikuta alama mbili kwenye soketi moja usishangae.

Racheti ni ya Marekani. Isugue kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni, paka chaki nyeupe, futa juu, kisha mulika tochi kutoka ubavuni: tarakimu zinajitokeza. Namba ya hataza (patent, haki ya mvumbuzi) inaanza na 1,95, na namba za hataza za Marekani kati ya 1,941,449 na 1,985,877 zilitolewa 1934. Kwa hiyo haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Baada yake inawezekana kabisa, kwani kiwanda huendelea kugonga namba ileile kwa miaka.

Rangi ya kijivu iliyofifia kwenye racheti inaelekea kuwa kadimiamu, metali ya kupakia chuma kisishike kutu, iliyotumika sana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kromu ilipoadimika. Msiipige msasa wala brashi ya waya, vumbi lake ni sumu.