Tupeane uzoefu: kutafuta vigawo (mabano yanayozidishana kutoa usemi) kulikutoa jasho wapi?

Mwanzisha mada: Wakuu, naanza na aibu yangu. Nilipewa (x² + 5x + 6)/(x² − 9) nirahisishe. Nikaona x² juu, x² chini, nikazipiga kalamu zote mbili, nikabaki na (5x + 6)/(−9) na kufunga daftari kwa raha zangu. Mwalimu hakunisuta, aliniambia tu niweke 1 mahali pa x. Swali likatoa 12/(−8), yaani −3/2. Jibu langu likatoa −11/9. Kumbe kinachokatwa ni kinachozidisha, si kinachojumlishwa! Juu ni (x + 2)(x + 3), chini ni (x − 3)(x + 3). Hapo x + 3 inaondoka kihalali, inabaki (x + 2)/(x − 3). Weka 1 tena: −3/2. Nyie mlikwama wapi?

Mchangiaji wa 1: Mimi ni 6x² + 7x − 3. Nilibahatisha mabano mpaka karatasi ikajaa. Dada akanionyesha: zidisha 6 kwa −3 upate −18, kisha tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −18 na jumla yake 7. Ni 9 na −2. Pasua 7x: 6x² + 9x − 2x − 3. Mbili za mwanzo zikanipa 3x(2x + 3). Za mwisho nikaandika −1(2x − 3), mabano yakakataa kufanana. Nikarudia mara nne nikidhani dada kanidanganya! Ukitoa hasi nje, alama ya ndani inageuka: −1(2x + 3). Basi ni (3x − 1)(2x + 3).

Mchangiaji wa 2: Hasi hizo hizo. (x² − 9)/(3 − x) niliiacha ilivyo, nikaandika "hairahisishiki". Kumbe 3 − x ni −(x − 3), jibu −(x + 3).

Mchangiaji wa 3: Mwanzisha mada, hujasema x isiwe 3 wala −3. Ukiweka −3 kwenye jibu lako unapata 1/6, lakini swali lenyewe linakupa 0/0, halina thamani hapo. Nilikatwa alama kwa hilo na kinyongo bado ninacho.

Mwanzisha mada: Umenipata mkuu. Hata leo nimesahau.

Mchangiaji wa 4: Mimi nilihangaika nusu saa na x² + x + 1. Siku hizi napiga b² − 4ac kwanza (a, b na c ni namba za ax² + bx + c). Pale ni −3, na isipotoka namba kamili iliyo mraba, sitafuti vigawo vya namba kamili, nageuza ukurasa.