Risasi ya mpira imepitaje kifuani?

Swali: Wakuu, naomba mwanga. Jana nilisimama na mwalimu wangu chumba cha maiti. Tundu dogo katikati ya mbavu, kingo zimechubuka, na ndani gololi nyeusi ya mpira, pana kuliko tundu lenyewe! Bastola yenyewe inaitwa "isiyoua". Imekuwaje?

Jibu: Tundu lisikudanganye, mdogo wangu. Ngozi hunyooka gololi inapopita, kisha hujirudi. Piga hesabu: gramu 1 ikienda mita 300 kwa sekunde ina jouli 45. Kasi hupungua njiani, na ikipungua nusu, inabaki robo tu ya nishati. Kwa hiyo umbali ndio swali la kwanza. La pili ni upana: nishati ileile ikibanwa kwenye eneo dogo hupasua, ikitawanyika huacha vilio la damu. Jelatini ya maabara, ule ute mzito unaopigwa risasi za majaribio badala ya mwili, huonyesha njia ya risasi vizuri, ila haina mbavu wala ngozi.

Jibu: Shati mmelihifadhi? Tafuteni masizi. Mtutu ukigusa mwili, gesi ya baruti huingia na kuchana nyama; hata risasi tupu isiyo na kichwa huua hivyo.

Muuliza swali: Shati lipo, na masizi yapo, duara jeusi kuzunguka kitobo. Ahsanteni sana. Hilo jina "isiyoua" linaniuma: mapitio ya tafiti ya 2017 yalihesabu majeruhi 1,984 wa risasi za mpira na plastiki, na 53 kati yao walifariki.

Jibu: Kwenye ripoti andika "yenye madhara pungufu". Na pima kitobo cha shati kabla hawajalikunja.