Nchi ikifutiwa deni, zile fedha huwa zinakwenda wapi?

Msomi_wa_Jioni:
Wakuu, habari zenu. Naandaa mada ya mdahalo na kuna kitu kinanikwaza. Kila ninaposoma naambiwa nchi maskini ikisamehewa madeni, umaskini unapungua. Mpango wa HIPC, yaani wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa nayo, ulianza 1996, ukaongezewa msamaha mwingine baada ya mkutano wa G8 (kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi) wa 2005, na jumla yake inapita dola bilioni 100. Sasa hizo bilioni ziliingia kwenye akaunti gani? Mkulima alizionaje? Mwenye kujua anieleze kwa lugha nyepesi, ripoti za IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) zimenishinda.

Mkaguzi_Mstaafu:
Hazikuingia kwenye akaunti yoyote, mdogo wangu. Nimekagua hesabu za serikali mpaka macho yakachoka, na swali hilo nimeulizwa hata na watu wa suti. Deni likifutwa, hakuna anayekuletea fedha. Unachobaki nacho ni marejesho ambayo ungelipa mwaka huu, mwakani, na mwaka wa kumi na tano. Na hapo ni kama ulikuwa unalipa kweli.

Tazama Somalia. Ilimaliza hatua za HIPC Desemba 2023, na deni lake likashuka kutoka asilimia 64 ya pato la taifa mwaka 2018 hadi chini ya asilimia 6. Lakini sehemu kubwa ya deni lile ilikuwa malimbikizo ya miaka mingi ambayo hayakuwa yakilipwa. Huwezi kuokoa fedha ambayo hukuwa unaitoa. Faida yao kubwa ilikuwa kuruhusiwa tena kupata ruzuku na mikopo nafuu.

Uganda ni habari nyingine, na ndiyo ninayoipenda. Ilikuwa ya kwanza kupata msamaha wa HIPC, 1998, na mwaka huohuo ikaanzisha mfuko maalumu wa kupambana na umaskini. Fedha zilizookolewa zikaelekezwa elimu ya msingi, afya, maji na barabara za vijijini, zikiwa na fungu lao ambalo mtu angeweza kulifuatilia. Msamaha ulikuta watu wameshashtuka: uchunguzi wa kati ya 1991 na 1995 ulionyesha kwamba shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa wanafunzi. Nyingine iliyeyukia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao za shule kiasi kilichotumwa, na kiasi kilichofika kikapanda sana. Hebu piga hesabu: katika kila 100 ulizosamehewa, 87 zipotelee njiani! Mimi naona ile karatasi ya ukutani ilifanya kazi sawa na saini za wadai. (Wakaguzi tunapenda karatasi, nisameheni.)

Kalamu_Nyekundu:
Mzee, shikamoo, ila umewapamba sana wadai. Kabla ya HIPC nchi hizi kwa wastani zilitumia kwenye madeni zaidi kidogo ya zilivyotumia kwenye afya na elimu kwa pamoja. Nani alikopesha akijua hayo? Halafu Zambia: imefutiwa 2005, 2006 ikaondoa ada kwenye zahanati za vijijini, safi kabisa. 2007 kampuni ya Donegal International, iliyokuwa imenunua deni la zamani la Zambia kwa Romania kwa dola milioni tatu na kitu, ikashinda kesi London na kupewa takriban milioni 15. Hizo ni dawa za zahanati zilezile.

Mkaguzi_Mstaafu:
Marahaba. Kesi hiyo haina utetezi, sibishi. Ila endelea na Zambia hadi mwisho. Kati ya 2012 na 2015 iliuza hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) za dola bilioni 3, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa. Zamani wadai wakubwa walikuwa Klabu ya Paris (kundi la serikali zinazokopesha), Benki ya Dunia na IMF, ukiwaita wanakaa meza moja. Sasa ongeza China na maelfu ya wenye hatifungani ambao hata majina yao huyajui. Makubaliano na serikali zilizoikopesha yalipatikana Juni 2023, na wenye hatifungani wakafuata 2024. Miaka yote hiyo hospitali zinasubiri.

Msomi_wa_Jioni:
Asanteni sana. Mzee, nikiwa na dakika tano tu mbele ya watu, nishike lipi?

Mkaguzi_Mstaafu:
Achana na namba ya deni lote, inatisha watu bure. Chukua nchi moja, weka marejesho yake ya mwaka kabla na baada ya msamaha, pembeni weka bajeti ya afya ya miaka hiyohiyo. Kama marejesho yameshuka na afya haikupanda, uliza fungu liko wapi. Ukikwama kwenye majedwali yao niandikie, nitakuonyesha safu ya kusoma.