Ada zetu zote zinaishia kwenye posho za vikao. Tuanzie wapi? (Kigoma)

Mtoto wa Mwanga:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mcheza ngoma, pia naigiza, niko Kigoma mjini. Chama chetu kina wanachama 48: wapiga ngoma, waigizaji, vijana wa sarakasi na akina mama wa ngonjera. Ada ni 3,000 kwa mwezi (wanaolipa kwa wakati tunajuana), na kila shoo ya harusi au sherehe ya serikali chama kinakata asilimia kumi.

Jumapili mweka hazina alisoma mapato na matumizi ya mwaka. Aliyasoma kwenye "mengineyo", saa tisa alasiri, watu wameshasikia harufu ya wali. Nikamwomba ile karatasi, nikaipiga picha. Zilizoingia ni 2,850,000. Posho za kamati tendaji 1,890,000: vikao 14, wajumbe tisa, kila mmoja 15,000. Safari ya mwenyekiti na katibu kwenda Dar "kufuatilia usajili" 620,000. Matengenezo ya ngoma 85,000. Basi.

Mwezi wa nane tulikuwa na harusi Ujiji, ngoma mbili zimepasuka ngozi, tukaenda kuazima nyingine kule mtaani Gungu na sare zetu mwilini. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilipouliza, mwenyekiti akafungua katiba: viwango vya posho vitapangwa na Kamati Tendaji. Kweli imeandikwa hivyo. Wenzangu wananiambia nitulie, nisije nikaachwa kwenye shoo zijazo. Nifanyeje?

Mgebuka Mkavu:
Hama chama. Hapo mmeshaliwa.

Katibu Mstaafu:
Usihame, mdogo wangu. Nimekuwa katibu wa kikundi cha maigizo Kasulu miaka sita, kwa hiyo nitawatetea kidogo hao unaowalalamikia. Kikao bila nauli hakifikishi akidi. Mjumbe anaacha dagaa wake juani Kibirizi aje kujadili sare, unadhani atakuja mara ngapi? Mimi vocha za kuwapigia watu na pesa ya kuchapa barua vilitoka mfukoni mwangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nauli si wizi. Tatizo ni hicho kifungu: anayelipwa ndiye anayejipangia malipo. Na vikao 14 kwa watu 48 ni vya nini? Sisi tulikaa kila baada ya miezi mitatu, madogo tukayamaliza kwa simu. Vikao vinne, watu tisa, nauli 5,000, ni 180,000 kwa mwaka mzima. Omba mihtasari ya vikao vyote 14. Kuna vikao vinaitishwa ili kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, nimevikalia.

Shangazi Katubuka:
Mimi nimekwama kwenye hiyo safari ya Dar. Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) siku hizi unajazwa mtandaoni, na afisa utamaduni wa manispaa mnaye hapo hapo mjini. Ulizeni masurufu, yaani hizo pesa walizopewa za safari, yalirejeshwaje: tiketi ziko wapi, risiti za gesti ziko wapi. Pengine walikuwa na sababu, basi waionyeshe.

Halafu mwanangu, usisimame peke yako. Tazama katiba inataka sahihi ngapi ili kuitisha mkutano mkuu maalumu. Kama ni theluthi, kwenu ni watu 16. Barua iwe na ajenda moja tu: kifungu kibadilishwe, posho zipitishwe na mkutano mkuu pamoja na bajeti. Suala la kumng'oa mwenyekiti usiliguse kabisa. Ukiligusa, wapambe wake watasema unautaka uongozi, na ngoma zitaendelea kuvuja upepo.

Mtoto wa Mwanga:
Asanteni sana, Shangazi shikamoo. Mihtasari nimeomba. Katibu anasema ipo sita, mingine "haijachapwa". Safari ya Dar kasema tumuulize mwenyekiti, na mwenyekiti hapokei simu yangu tangu Jumapili. Sahihi ni theluthi kweli. Jana mazoezini nimepata 11. Akina mama wa ngonjera ndio waliotangulia, wote. Wapiga ngoma wananiangalia tu.

Mgebuka Mkavu:
Wapiga ngoma wasiosaini wajue njia ya Gungu wameshaizoea.