Kazi ya shule ya mti wa ukoo: mtoto wa Tanga aanzie wapi?

Kutoka: Mama Wawili (Reading)

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Mwanangu wa darasa la sita kapewa kazi ya kuchora ukoo wake vizazi vinne, na kila jina liwe na ushahidi. Wenziwe wanaingia kwenye intaneti, wanaandika jina la babu, sensa ya Uingereza ya 1921 inawatolea nyumba, kazi, hata watoto walikuwa wangapi. Yeye kaandika jina la babu yake wa Ngamiani, hola. Sasa ananiuliza kama sisi hatuna historia. Nikampigia bibi yake, kajibu "sisi ni watu wa hapahapa", bando likakata. Nisaidieni.

Kutoka: Mtoto wa Kambini (Leicester)

Wa alaikumu salaam dada. Mwambie mtoto kwamba hiyo sensa inamjibu mwenzake kwa sababu serikali yao iliandika kila nyumba, ikazifungia karatasi miaka mia, kisha ikazifungua. Kwetu mkoloni alimwandika mtu pale tu alipomhitaji: kodi, kazi, jela, vita. Kwa hiyo usihangaike na tarehe ya kuzaliwa ya babu. Tafuta kazi yake.

Ukitokea pande za Muheza, Korogwe au Pangani, kazi hiyo mara nyingi ni mkonge. Hindorf, yule Mjerumani, aliuleta 1893, na inasemekana katika miche elfu moja iliyofika hai ni 62 tu. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Walioukata mkonge huo hawakuwa wenyeji peke yao. Mawakala waliwatoa Kigoma, Songea, Urundi, Msumbiji, na kuanzia 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU (kifupi cha Sisal Labour Bureau). Ndio manamba hao. Kila mmoja na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi, siku inatiwa alama ukishamaliza ngwe yako, yaani kipimo cha kazi ulichopangiwa. Nyumba nyingi bado zina kadi kama hizo chini ya sanduku, zimekaa pamoja na kadi za chama. Mjomba yeyote mwenye simu anaweza kukupigia picha.

Tanga tunajisifu "waja leo, waondoka leo", ila manamba wengi walikuja na hawakuondoka. Basi muulize bibi: babu alikuja kwa treni au kwa miguu? Alishukia shamba gani? Kambi ya jirani ilikuwa ya kina nani? Alikuwa mkataji, au alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi? Kwa miaka, tumia matukio. Uhuru ulikukuta wapi? Mashamba yalipotaifishwa 1967 ulikuwa umeshaolewa? Vita ya Kagera ulikuwa unamnyonyesha nani? Hesabu mtoto atapiga mwenyewe.

Halafu majina, na hapa ndipo tovuti za wazungu zinapotukwamisha. Sisi jina la tatu ni la babu, si la ukoo. Pasipoti yangu ina jina la babu yangu, ya mke wangu ina la babu yake, na watoto hospitali ikawaandika kwa jina langu la mwisho. Ukimtafuta mtu kwa "jina la familia" unaishia kizazi kimoja. Mtoto aandike mnyororo: fulani bin fulani bin fulani, mpaka mzee atakaposema basi.

Kutoka: Binti Msalabani (Minneapolis)

Niongeze kwa walio na Wabondei wa kanisani. Pale Magila, Muheza, mapadri wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wanabatiza tangu karne ya 19. Jina la ubatizo linaweza kuwa mbali kabisa na lile mtu analoitwa nyumbani, kwa hiyo yapate yote mawili kabla ya kumsumbua padri na rejesta zake. Nyaraka nyingi za UMCA ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. Kutoka Reading ni nusu saa kwa treni, dada, unaringa tu! Waandikie kwanza, maboksi huagizwa mapema.

Mkiambiwa babu alifia upagazini vita ya 1914 hadi 1918, msitegemee kaburi lenye jina. Tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri 2021 kwamba wapagazi wengi wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa kwa majina.

Kile kipimo cha mate cha DNA achaneni nacho. Mwanangu alikifanya, akaletewa asilimia za nchi jirani na binamu wa mbali asiyejibu ujumbe.

Kutoka: Kaka wa Chumbageni (Tanga)

Mlio mbali kuna jambo mnalisahau. Ziko nyumba huku pwani ambako kumuuliza mzee "asili yenu wapi" ni sawa na kumuuliza kama babu yake alikuwa mtumwa. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria 1922. Bibi wa miaka 85 amelelewa na watu waliouona kwa macho. Hilo "hapahapa" lake huenda halina kitu, na huenda ni mlango alioufunga makusudi. Mtoto asiusukume, tena kwenye spika, wajukuu wote wanasikiliza.

Dada, nitampitia Jumapili baada ya alasiri na kilo ya sukari. Mtoto aniandikie maswali matatu, si kumi. Nitarekodi akiruhusu.

Kutoka: Mtoto wa Kambini (Leicester)

Kaka, umenena. Ila watoto wana haki ya kujua. Akifika miaka kumi na sita aje mwenyewe aulize, wakiwa wawili barazani.

Kutoka: Mama Wawili (Reading)

Asanteni sana. Maswali yake haya: Bibi, ulipokuwa kama mimi nani alikuwa anakwenda kisimani? Babu alikuwa anatoka saa ngapi kwenda kazini? Jina lako alikupa nani?

Kaka, sukari hapana, bibi ana kisukari. Mpelekee samaki. Mwalimu nimeshamwandikia kwamba ushahidi wetu utakuwa sauti, kakubali, mradi ije na tafsiri.