Fundi kaacha lenta nusu na simu hapokei. Nianzie wapi kisheria?

Mwalimu_Tabora
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nipo Tabora, namjengea mama nyumba ya vyumba viwili na sebule huko Chanika. Hela ya ufundi tulikubaliana milioni 4.2: amalize lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), apaue, apige plasta ndani. Tuliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, na imeandikwa kabisa kwamba atakabidhi tarehe 30 Novemba kwa sababu kodi ya mama inaisha mwezi huo.

Nimeshamtumia milioni 3.1, zote kwa simu. Januari nikapanda basi nikaone mwenyewe. Lenta imemwagwa upande wa mbele tu. Upande wa jikoni nondo zimechomoza, kutu imechuruzika kwenye tofali mpaka chini. Mifuko 6 ya simenti imeganda, mbao za kupaulia zimepinda kwa mvua. Mama hakusema neno. Aliinama akaanza kuokota misumari mmoja mmoja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Fundi alikuwa ananiambia "wiki ijayo mwalimu", sasa hapokei kabisa. Polisi wanasema hayo ni madai, siyo jinai. Ni kweli? Na nikiweka fundi mwingine, sipotezi haki yangu?

Wakili_Mtaani
Pole sana mwalimu. Polisi wako sahihi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, lazima ithibitike kwamba alikudanganya ndiyo ukatoa hela. Huyu alianza kazi akaikimbia. Amevunja mkataba.

Nenda Mahakama ya Mwanzo. Madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30 yanasikilizwa pale, kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inakupa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji, pamoja na ile ambayo wote wawili mliijua wakati mnaandikiana. Kwa hiyo ile sentensi ya kodi ya mama ni mali. Isingekuwepo, angesema hakujua, na kodi unayolipa tangu Desemba ingekuwa ngumu kuidai.

Fundi mwingine weka, ila siyo kesho. Kwanza mwandikie notisi, mpe siku 14 arudi kazini au arudishe hela, na apokee kwa kusaini mbele ya mwenyekiti. Akikataa kusaini, mwenyekiti aandike kwamba amekataa. Piga picha kila kona. Fundi mpya akuandikie kilichofanyika kina thamani gani na kumalizia ni kiasi gani. Ukikaa tu huku mbao zinaoza, mahakama itauliza kwa nini hukuzuia hasara isikue.

Meseji za miamala usifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo.

Fundi_Kozi
Mimi ni fundi, nalaani alichofanya mwenzangu. Ila nikuulize mwalimu: kokoto na nondo zilifika kwa wakati? Maana hapo ndipo atakapojitetea, kwamba alikaa saiti bila vifaa. Halafu nondo zile usizitupe. Kutu ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kumwaga zege. Zinazobanduka magamba ndizo zikatwe.

Mwalimu_Tabora
Asante kaka. Kokoto zilichelewa siku 9, sikatai, na risiti ninayo. Yeye amepotea miezi miwili na zaidi.

Bibi_Kibaha
Ziseme mwenyewe hizo siku 9 kabla hajazisema yeye. Mimi nilidai milioni 2 nikashinda, lakini kukazia hukumu, yaani kumfanya alipe kweli, ndiko kulikonitesa kuliko kesi yenyewe. Kuanzia leo uliza taratibu anakaa wapi, ana pikipiki, ana kiwanja? Wangu alikubali kulipa kidogo kidogo, laki na nusu kila mwezi, baada ya kuona dalali wa mahakama mlangoni.

Mwalimu_Tabora
Notisi nimeiandika usiku huu, ukurasa mmoja, siku 14. Kesho mama anaipeleka kwa mwenyekiti. Nimemsomea yote kwenye simu, akaniuliza kama misumari nayo imeandikwa kwenye orodha ya vilivyoharibika. Nimeiongeza, kilo 4.